Mama Hayupo Kwenye Orodha

Walipokuja watu wa mafuriko, jambo la kwanza nililofanya ni kuandika nambari ya gari lao kwenye kiganja.

Si kwamba walikuwa wamenikosea. Gari lilikuwa jeupe, safi, limeegeshwa kwa adabu mbali na mlango wa msikiti, na walioshuka walitoa salamu kama watu. Lakini mimi nilisimama langoni mwa hoteli moja ya Diani kwa miaka zaidi ya ishirini, kazi yangu ikiwa ni kupitisha kioo chini ya magari na kufungua mabegi ya watu wenye haraka, na kazi hiyo haikutoki siku unaporudisha sare. Mke wangu husema hata akiniletea chai naifunua sahani kwanza. Husema hivyo mbele za watu, nao hucheka, nami huwaacha wacheke.

Kijiji chetu kiko bondeni, upande wa Vanga, pale mto Umba unapotawanyika kuelekea kwenye mikoko. Mto huo unatoka milimani, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo maji yake yanaweza kutujia siku ambayo kwetu halijadondoka hata tone moja. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Tumekua tukiyaona maji yakipanda hadi kizingitini na kushuka, tukaanika magodoro juani, maisha yakaendelea. Ila miaka ya karibuni yamekuwa yakipanda kwa kasi na kushuka kwa uvivu, na ndiyo sababu shirika lile liliposema linataka kuwafundisha vijana wetu namna ya kuwatoa watu majumbani, wengi walifurahi. Mimi niliuliza kwa nini sasa, kwa nini sisi, na nani amewatuma.

Mkufunzi wao alikuwa msichana wa bara mwenye nywele fupi na daftari jekundu. Alinitazama akatabasamu.

"Hakuna mtu ametutuma na ubaya, mzee," alisema. "Ni mvua tu siku hizi imebadilika."

Nilimwambia mvua haijawahi kuja kwa gari. Watu wakacheka tena, naye akacheka pamoja nao, na kicheko chake ndicho kilichonizidishia wasiwasi. Langoni nilijifunza kwamba mtu asiye na jambo hukasirika ukimpekua. Anayecheka ndiye wa kufungua begi mara mbili.

Binti yangu, kitinda mimba, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja chuo, alijiunga nao siku ya kwanza. Alirudi nyumbani amevaa koti la manjano lisilo na mikono, filimbi shingoni, na kamba ya manila mzingo mzima begani. Nikaipima ile kamba kwa macho. Kamba nzuri, ya kufungia mashua, na hakuna anayegawa kamba nzuri bure. Nilimuuliza wanawalisha nini huko. Akasema soda na mahamri. Nilimuuliza wanawauliza nini baada ya soda na mahamri.

"Wanatuuliza nani anakaa wapi, baba. Na nani hawezi kukimbia."

Nilianza kupita pita karibu na shule wakati wa mafunzo yao, nikijifanya natafuta mbuzi. Nikaona wanafundishwa kufunga vifundo, kumbeba mtu mgongoni kwa leso, kumlaza aliyekunywa maji. Hayo sikuwa na neno nayo. Kisha siku moja nikakuta wametandaza karatasi kubwa sakafuni mwa darasa, vijana wamepiga magoti kuizunguka, wanachora kijiji chetu chote. Njia, visima, makaburi, minazi ya mpakani, kila nyumba na mwenyewe. Hapo damu ikanichemka.

Mnipe nafasi nieleze, maana asiyetoka kwetu ataniona kichaa. Baba yangu alikuwa na shamba Diani, minazi yake ikitazama bahari. Mwaka mmoja wa njaa alikuja bwana mwenye faili, akasema anawaandikisha wazee watakaopewa mahindi ya msaada. Baba hakujua kusoma. Akaweka kidole gumba. Mahindi yalikuja, siwezi kusema hayakuja; gunia moja. Baada ya muda ikaja seng'enge, na karatasi inayosema kwamba baba ameuza, na alama ya kidole ni yake kweli. Tukahamia huku bondeni kwa wakwe zake, kwenye kipande ambacho mama alirithi kwa babake, ardhi isiyo na hati mpaka leo. Baba aliishi miaka mingine tisa, na mara nyingi nilimkuta barazani anakitazama kile kidole. Mimi nilikuwa kijana na nilimchukia yule bwana kwa chuki ambayo haijapungua hata kidogo.

Kwa hiyo niliposikia kwamba baada ya ramani kutakuwa na orodha ya wazee wasiojiweza, na kwamba kila mzee ataweka alama ya kidole mbele ya jina lake, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilimwendea yule mkufunzi.

"Kidole cha nini?"

"Ya ruhusa tu, mzee. Kwamba amekubali kuokolewa."

"Kwenu mtu anaombwa ruhusa ya kuokolewa?"

"Ofisi ndio inataka hivyo," alisema, na safari hii hakucheka. Nami nikamwona amechoka, nikadhani ni uchovu wa mtu aliyekaribia kugunduliwa.

Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Alitembea kwa kushikwa mkono, polepole, akiuliza kila hatua ina nini. Hakuna mzee asiyejiweza kama yeye, na hakuna kidole kilichostahili kulindwa kama chake, maana ardhi tuliyoikalia ilikuwa yake. Na aliyepewa kazi ya kuiandika orodha, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, alikuwa ni binti yangu mwenyewe.

Tulikuwa tunakula muhogo wa nazi mchana huo. Nikamwambia, "Andika bibi yako hayupo. Amehamia Kikoneni kwa shangazi yako."

"Baba, Bibi si huyu hapa anakula?"

"Andika hivyo."

"Siku ya maji atakayepangiwa nyumba yetu hatamtafuta."

"Wa kumtafuta wa nini, na wewe upo?"

Akaweka kijiko chini. "Mimi sitapangiwa hapa. Hakuna anayepangiwa nyumba yao. Tumefundishwa hivyo. Ukipewa kwenu utakaa na wa kwenu, na wale wengine watakufa."

Niliruka kama nimekanyaga moto. Sheria gani hiyo inayomtoa mtoto kwa bibi yake ikamtuma kwa watu baki? Nilisema maneno mengi siku hiyo, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani. Mama aliendelea kula mpaka nilipoishiwa.

"Na mimi mwenyewe naulizwa?" alisema. "Au nimehamia Kikoneni kweli?"

"Mama, ni kidole hicho ninachokilinda."

"Kidole nikijuacho mimi kinataka kupanda lile wilbaro lao la kubebea wazee kama mwenzangu."

Mwenzake aliyemtaja ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, kule chini zaidi karibu na mikoko, shoga yake tangu wakiwa wasichana. Mimi nilimwita mama mdogo. Alikuwa na mguu wa matende, mzito, na mtoto wake wa pekee alikuwa mpishi Diani, akija mwisho wa mwezi. Yeye alikuwa ameweka kidole bila hata kuuliza karatasi inasema nini. Na aliyepangiwa kumtoa ni binti yangu.

Basi binti yangu aliandika. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaandika kwa mwandiko wake ule ulionyooka kwamba bibi yake hayupo, na alipomaliza aliingia ndani bila kuniaga. Niliona amekasirika. Nikajiambia akipata watoto wake atanielewa.

Siku chache baadaye alikuja kijana aliyepangiwa nyumba yetu. Nilimjua, ni mvuvi wa kaa, kijana mrefu mwenye makovu ya magando vidoleni, na nilikuwa nimeshamwona akimtazama binti yangu kwenye mazoezi kwa namna ambayo baba yeyote anaielewa. Alibisha hodi, akavua ndara, akasimama nje.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuijua nyumba. Ndiyo nimepangiwa."

"Marahaba. Hapa hapana wa kuokolewa. Orodha unayo?"

"Ninayo, baba."

"Inasemaje?"

"Inasema hapana mtu."

"Basi ifuate orodha."

Alisema haya baba, akaomba ruhusa azunguke nyumba aone milango iko wapi. Nilimkatalia. Mtu wa kaa anataka kujua mlango wangu wa nyuma uko wapi wa nini? Aliondoka kwa adabu, akivaa ndara zake njiani, na mimi nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda.

Kila Jumamosi walifanya zoezi. Filimbi mara tatu, ndefu, kisha makoti ya manjano yanatimka kila njia. Wazee walikuwa wameambiwa wasijaribu kutoka peke yao. Wakae kitandani, watazame mlango, watafuatwa. Mama mdogo alilichukulia zoezi kama harusi. Alioga, akavaa leso mpya, akafunga mfuko wenye dawa na kitambulisho, akakaa. Binti yangu akitokea mlangoni na wilbaro, yule bibi alipiga kigelegele: "Huyo! Mwanangu kaja!" Kisha alipandishwa, mguu wake mzito ukawekwa juu ya mto, akasukumwa hadi shuleni huku akiwapungia watu mkono.

Nilimtania mara moja alipopitishwa mbele ya baraza yangu. "Mama mdogo, hawa wakishakuzoesha gari hilo, siku moja watakupeleka moja kwa moja hadi Nairobi."

"Basi nitaiona Nairobi, mwanangu! Wewe baki na mashaka yako."

Mama yangu alikuwa akizisikia filimbi zile kutoka chumba cha nyuma, ambako nilimwambia akae wakati wa zoezi asionekane. Sasa nikikumbuka kwamba nilimficha mama yangu mzazi kama mtu anayeficha mali ya wizi, uso unaniwaka. Wakati ule nilijiona mlinzi hodari.

Siku yenyewe ilianza kavu. Mke wangu alikuwa Mombasa kwa kijana wetu mkubwa aliyepata mtoto, na mimi nilikuwa naenda Kombani kuangalia beberu niliyeambiwa yupo sokoni. Binti yangu alinifuata hadi njiani.

"Baba, usiende leo. Wamepigiwa simu kutoka juu. Mto umebadilika rangi."

Nilitazama mbingu. Hapakuwa na wingu la kutosha kumfunika kuku. "Hilo ni zoezi lao jingine," nilimwambia. "Safari hii wanataka kuona nani anatii simu."

"Na Bibi?"

"Bibi yako yupo na nyumba yake. Nitarudi alasiri."

Beberu alikuwa mzuri. Nilikuwa nimemshika pembe, namkagua meno, simu ilipoanza kulia. Jirani, kisha jirani mwingine, kisha naibu wa chifu mwenyewe. Maji yameingia. Nilipiga simu ya binti yangu, haikupokelewa. Nilipiga tena nikiwa ndani ya gari la kurudi, nikapiga tena tulipofika Lunga Lunga, nikapiga juu ya pikipiki mpaka chaji ikaisha. Pikipiki ilikwenda hadi kwenye kalvati ikasimama, kwa sababu barabara haikuwepo. Mbele yetu yalikuwa maji ya rangi ya chai, yanakwenda, yamebeba mlango wa mtu. Tulisimama pale wanaume zaidi ya kumi, kila mmoja na watu wake ng'ambo, na hakuna aliyethubutu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaanza kuhesabu kwa vidole nani anajua kwamba mama yumo mle ndani, nikajijibu kwamba kwenye karatasi hayumo. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu mpaka tulipokatazwa kusogea na kurudishwa Lunga Lunga.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kiasi cha kiuno. Tulishikana mikono tukavuka. Shule yetu iko juu ya kilima kidogo, na watu wote walikuwa pale, madarasa yamejaa, sufuria za uji nje. Mama nilimkuta darasa la pili, amekaa kwenye jamvi na leso ya mtu mwingine, anapepesa macho yake yasiyoona kuelekea sauti yangu.

"Umekuja na beberu?" aliniuliza.

Nilipiga magoti nikalia. Na nitasema ukweli kwa sababu nimekaa kuandika ukweli: nilipomaliza kulia, nilijisikia mshindi. Mama alikuwa hai na kidole chake hakikuwa kwenye karatasi ya mtu. Binti yangu ndiye aliyemtoa. Filimbi ilipolia alikuwa hapo shuleni pamoja na wenzake, akakimbia hadi nyumbani, akamshika bibi yake mkono, akamtembeza hatua kwa hatua, maji yakiwa magotini na kisha mapajani, mpaka kilimani. Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa amekaa kwenye kona ya darasa na koti lake la manjano lililolowa, na nilipomsogelea aligeuza uso ukutani.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu mwenye furaha, "Mama mdogo yuko darasa gani?"

Muuza samaki mmoja, mama wa makamo ambaye nyumba yake iko njia ile ile ya kwenda kwenye mikoko, ndiye aliyenichukua pembeni. Alisema alipita mbio mbele ya nyumba ya mama mdogo na watoto wake wawili, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Alimwona kitandani, amevaa, mfuko umefungwa mkononi, anatazama mlango. Akamwita, mama, twende, nitakukokota hivyo hivyo.

"Akaniambia, 'Nenda na watoto, mimi wangu anakuja,'" alisema yule mama. "Akanifukuza kabisa, kaka yangu. Akasema nikimsaidia mimi nitawachanganya."

Binti yangu alikuwa amepanga kumfikisha bibi yake kisha ateremke kwa mama mdogo. Lakini kipofu hakimbii. Aliporudi ukingoni, maji yalikuwa kifuani na vijana wawili walimkamata wakamzuia. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya udongo. Walimkuta asubuhi ile ile niliyovuka mimi, wakati nilipokuwa nalia magotini pa mama yangu.

Tulimzika makaburi ya juu. Mtoto wake, yule mpishi, alishuka kaburini mwenyewe kumpokea mama yake. Nilisimama mbali. Nilitafuta wa kumshuku, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza. Nikamshuku yule mkufunzi, kwamba ndiye aliyewafundisha wazee wakae wangoje. Nikaishuku ile sheria ya kutopangiwa nyumba yenu. Nikawashuku vijana waliomzuia binti yangu, kwamba wangemwacha angefika. Siku tatu nilizunguka na orodha yangu mwenyewe ya wakosaji, na kila nilipofika mwisho wake nilianza upya, kwa sababu kulikuwa na jina moja nililokuwa nikiliruka.

Baada ya wiki wakaitisha mkutano hapo shuleni. Naibu wa chifu alikuwepo, imamu, vijana wote wa makoti, na yule mkufunzi, aliyekuwa amelia mpaka macho yamevimba. Yule mpishi alikaa mstari wa mbele peke yake. Mkufunzi alisema hawakuja kumhukumu mtu, wanataka tu kujua ni nini kilienda vibaya, ili kisirudi. Kisha akamwita binti yangu.

"Ulikuwa umepangiwa nyumba ya bibi. Ulienda wapi?"

Binti yangu alisimama. "Nilikosea njia," alisema.

Kulikuwa na mnong'ono. Amezaliwa kijijini hapo. Angeweza kuifuata njia ile amefumba macho. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti kwamba hawa watoto wanapewa makoti na soda, siku ya kazi wanawakimbilia watu wao. Binti yangu aliinamisha kichwa na hakujitetea. Alikuwa ananilinda. Ana miaka kumi na tisa, na alikuwa tayari kuitwa muuaji kijijini kwao ili baba yake asiitwe mwongo.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilisema kwamba nilimlazimisha aandike kwamba bibi yake amehamia Kikoneni. Nilisema niliogopa kidole. Nilisema binti yangu alijua fika kwamba aliyepangiwa nyumba yetu hatamtafuta mtu ambaye hayumo kwenye orodha, kwa hiyo akalazimika kuchagua, na kwamba mimi ndiye niliyemweka njia panda, mimi peke yangu, na mtu mwenye la kusema aniambie mimi. Nilimtazama yule mpishi nilipokuwa nikisema hayo. Nilisikia kifua changu kimepungua uzito, na nilidhani angalau nimemtua mwanangu mzigo.

Ndipo yule mvuvi wa kaa aliponyanyua mkono kutoka ukutani.

"Samahani baba," alisema. "Mimi nilijua kwamba Bibi yupo."

Nikamgeukia.

"Kijiji kizima kinajua Bibi yupo. Nani atahama hapa tusimwone akipita? Mimi nilikwenda. Filimbi ilipolia nilikuwa kwenye mikoko, nikapita njia ya nyuma ya msikiti. Nikaingia kwenu nikakuta kitanda kitupu. Nikadhani maji yamemchukua. Nikawa nampapasa ndani ya maji, chumba hadi chumba. Nilikaa humo muda mrefu sana. Nilipotoka, njia ya kule chini ilikuwa haipitiki tena."

Mimi niliyezoea kuhesabu watu langoni sikuhitaji kuambiwa hesabu hii. Vijana wawili walikuja kwa mama yangu siku ile, mmoja baada ya mwingine, na nyumba ya tatu kutoka kwetu mama mdogo alikaa anatazama mlango.

Binti yangu alikuwa bado amesimama. Niliona anayaelewa yale maneno polepole, moja moja. Mpaka dakika hiyo aliamini kwamba hakuwa na njia nyingine. Nilikuwa nimejikakamua kumtua mzigo, kumbe ndio namtwisha.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?" alimuuliza yule kijana. Hakupaza sauti.

Kijana alitazama miguu yake. "Uliandika kwa mkono wako kwamba hayupo. Ningekwambia najua, ningekuwa nimekuita mwongo. Nikaona nikusitiri tu, nami niandike kwangu."

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolowa ikakauka, nakala yake ya orodha. Pembeni pa jina la nyumba yetu palikuwa na maandishi ya penseli. Binti yangu akaichukua, akaisoma kimya, akaisoma tena. Kisha alivuka darasa, akapita mbele ya mkufunzi, akapita mbele ya naibu wa chifu, akaja mpaka niliposimama akanikabidhi.

"Isome, baba," alisema. "Kwa sauti."

Mtoto wa marehemu aligeuka kwenye kiti chake akanitazama. Nikaishika kwa mikono miwili, nikasoma: Bibi yupo. Haoni. Analala chumba cha nyuma. Ashikwe mkono wa kushoto, wa kulia unamuuma.